Huyu Aingie, Yule Arudi: Je, Ni Haki?

Vijana wa darasa letu la baina ya magharibi na isha wana ada moja ambayo sikuikataza: kitabu kikisha fungwa hubaki barazani wakizungumza, na aghlabu mazungumzo yao huelekea katika mpira wa miguu. Mimi si mtu wa mpira. Lakini mwenye kukaa barazani husikia, na kwa kusikia tu nimekwisha kuzijua timu za Ulaya kama nizijuavyo njia za Mji wa Kale. Usiku mmoja ubishi ulipanda, hata mmoja wao akanigeukia akasema: "Maalim, wewe watufundisha kwamba hukumu mbili hazitofautiani ila pawe na sababu ya kuzitofautisha. Basi tuambie. Wakati wa korona watu wa Liverpool waliachiwa kuingia uwanjani kwao, na watu wa Manchester wakafungiwa milango, na timu zao zacheza ligi moja na zagombea kombe moja. Je, hiyo ilikuwa haki?"

Wenziwe walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile lilinirudisha kwenye mlango wa msikiti mwaka 2020, na jambo lililonipata hapo ambalo nitalieleza mahali pake. Nikamwomba muhula, na haya ndiyo majibu yangu.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini kulifukua jambo lililokwisha kuzikwa? Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Mei 2023 kwamba dharura ya maradhi yale imekwisha, na viwanja vimejaa kama zamani. Jawabu letu ni kwamba kesi huamuliwa vyema hasira zikisha poa. Katika miaka ile kila mtu alisema kwa uchungu wa kile alichonyimwa: huyu duka lake, yule harusi ya bintiye, na mwingine mazishi ya mzee wake. Leo twaweza kukaa tukapima.

Na yafaa kwanza tuyajue yaliyotokea, maana wengi hubishana juu ya jambo wasilolijua. Mpira Uingereza ulisimamishwa mwezi wa Machi 2020, na uliporudi mwezi wa Juni ulichezwa katika viwanja vitupu. Kisha kuanzia tarehe 2 Disemba 2020, Serikali iliigawa nchi katika daraja tatu kwa kadiri maradhi yalivyoenea. Mahali pa daraja ya kwanza uwanja uliruhusiwa watazamaji 4,000; pa daraja ya pili 2,000; na pa daraja ya tatu hapakuruhusiwa hata mmoja. Liverpool ilikuwa katika daraja ya pili, na tarehe 6 Disemba watu 2,000 waliingia Anfield kuitazama timu yao ikicheza na Wolverhampton. Manchester, iliyo mbali nayo kiasi cha kilomita 50 tu, ilikuwa katika daraja ya tatu. Tarehe 12 Disemba timu zake mbili zilipokutana katika uwanja wa Old Trafford, wenye viti zaidi ya 70,000, viti vyote vilikuwa vitupu.

Wala isidhaniwe kwamba watazamaji ni pambo la mchezo tu, wakiwapo au wasiwepo mamoja. Katika msimu ule wa 2020 na 2021, ambao karibu wote ulichezwa bila ya watu, timu za ugenini katika ligi kuu ya Uingereza zilishinda mara nyingi zaidi kuliko timu za nyumbani, na jambo hilo halikupata kutokea katika daraja ya juu ya mpira wa nchi ile. Basi kijana wetu hakuwa akilalamikia starehe peke yake. Mwenye kuruhusiwa watu wake amepewa nguvu ambayo mwenziwe amenyimwa.

Pamoja na hayo, hoja yake haisimami. Yeye ataka ama wote wangefunguliwa ama wote wangefungiwa, na kwake yeye haki ni kufanana. Lakini tabibu akiwanywesha wagonjwa wake wote dawa moja kwa kipimo kimoja, mwenye homa na mwenye kuvunjika mguu, hatumwiti muadilifu, twamwita mjinga. Liverpool yenyewe mwezi wa Oktoba ilikuwa miongoni mwa miji iliyobanwa kwa amri kali kuliko mingine. Mwezi wa Novemba watu wake wakaitwa kupimwa, wenye dalili na wasio nazo, na maradhi yakapungua. Ndipo mlango ukafunguliwa. Kisha maradhi yakazidi tena, na mwaka ulipokuwa ukimalizika mji ukapandishwa daraja ya tatu na mlango ukafungwa. Hapa twaona amri ikienda na sababu yake: sababu ikija amri yaja, na sababu ikiondoka amri yaondoka. Wanavyuoni wetu huiita sababu hiyo illa, na mwanafunzi yeyote aliyesoma usuli kidogo hatapata taabu kufahamu kwamba mtu wa Manchester alizuiwa kwa jambo lililokuwa kweli mjini kwake siku ile, wala si kwa kuwa ni mtu wa Manchester.

Sasa nifike kwenye mlango wa msikiti.

Mwezi wa Julai 2020, Serikali yetu ya Kenya iliporuhusu nyumba za ibada zifunguliwe, iliweka masharti: wasiingie zaidi ya watu 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mtoto aliye chini ya miaka 13 wala mtu aliyepita miaka 58. Mimi nilikuwa mmoja wa waliowekwa mlangoni kuhesabu. Siku moja alikuja mzee aliyenifundisha mimi alifu na be, akishika fimbo yake, na mswala wake begani. Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Nilimwamkia, nikambusu mkono kwa mbali kama tulivyokuwa tukifanya siku zile, nikamweleza. Nilimwambia: "Maalim, maradhi haya yawaua wazee kuliko vijana, na ndani mna watu 90 na kitu, wala hatujui ni nani ameyabeba." Akanitazama kitambo. Akasema: "Hilo la umri nimelifahamu, mwanangu. Mimi nina kifua, na wewe wanihifadhi. Lakini nifahamishe hilo la mia. Msikiti huu huingia watu elfu moja. Ule wa kwetu mtaani ukiingia watu 150 huwa wamebanana mpaka mlangoni. Nanyi huku mwasema mia, na kule wasema mia. Mia hii ni ya nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Akageuka akaenda zake.

Tangu siku ile nimeufanya ule mlango kuwa mizani yangu. Tofauti baina ya watu si dhulma kwa kuwa ni tofauti, na usawa si haki kwa kuwa ni usawa. Linalotazamwa ni hili: je, yule uliyemrudisha aweza kuambiwa sababu machoni pake, sababu itokayo katika madhara yale yale ambayo amri imewekwa kuyazuia, naye akaifahamu hata kama haikumpendeza? Tofauti ya umri ilikuwa kali, na ilimuumiza mzee wangu, lakini iliweza kusemwa. Usawa wa mia kwa mia, ambao kwa nje waonekana ni insafu tupu, haukuweza kusemwa. Na hakika mwisho wa mwezi wa Septemba mwaka ule ule amri ikabadilishwa: nyumba za ibada zikaruhusiwa kuingiza thuluthi ya watu ziwezao kuwachukua, kubwa kwa ukubwa wake na ndogo kwa udogo wake. Sisemi kwamba waliyasikia maneno ya mzee wangu. Nasema tu kwamba yalikuwa maneno ya akili.

Jambo hili la mia kwa mia liliwafika Waskoti nalo. Ilipotokea aina mpya ya korona iitwayo Omicron, mwishoni mwa mwaka 2021, Serikali ya Uskoti iliamuru kwamba kuanzia tarehe 26 Disemba mkutano wa nje usizidi watu 500, uwe mkubwa uwanja au mdogo. Uwanja wa Celtic huko Glasgow una viti kiasi cha 60,000. Watu 500 humo hawafiki mmoja katika kila mia ya viti vyake. Katika uwanja wa kijiji wenye nafasi ya watu 1,000, hao 500 ni nusu nzima. Mwenye kulitazama jambo hili haraka haraka atasema ni upuuzi, na mimi nilikuwa karibu kusema hivyo, mpaka nikatafakari hoja ya upande wa pili. Wao walisema kwamba hatari haiko kwenye kiti peke yake. Watu 60,000 hawateremki uwanjani kutoka mbinguni: wapanda magari ya moshi, wasongamana langoni, waingia mikahawani, na wataka polisi na magari ya wagonjwa ambayo wakati ule yalihitajiwa kwingine. Kwa hatari ya namna hiyo, linalohesabiwa ni idadi ya watu waliotoka majumbani mwao, wala si upana wa uwanja wanaokwenda.

Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini yamlazimu mwenye kuitoa achague. Ikiwa aogopa pumzi za watu waliokaa karibu karibu, basi watu 5,000 waliotawanywa katika uwanja wa 60,000 wako salama zaidi kuliko 500 waliobanana katika uwanja wa 1,000, na amri yake imekwenda kinyume. Ikiwa aogopa msafara na msongamano wa njiani, basi na atuambie hivyo, nasi tutauliza mbona masoko na maduka ya mjini yalijaa watu wiki ile ile. Mtu akitaja sababu mbili na kuruka kutoka hii kwenda ile kila anapobanwa, mwenye kurudishwa mlangoni hana la kushika. Waskoti wenyewe hawakungoja: waliitanguliza likizo yao ya baridi, na mechi ya Celtic na Rangers iliyokuwa ichezwe tarehe 2 Januari 2022 ikasogezwa hadi tarehe 2 Februari, ilipokuwa amri imekwisha kuondolewa. Yaani walikuwa tayari kungoja mwezi mzima kuliko kucheza mbele ya viti vitupu.

Mfano mbaya kuliko yote niliyoisikia hautoki Ulaya. Watoka kwetu Afrika, na wausika na ndugu zetu Wangazija. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kamerun mwezi wa Januari na Februari 2022, watazamaji walitakiwa wawe wamechanjwa na wamepimwa, na kila uwanja ukaruhusiwa kujaza asilimia 60 ya nafasi zake. Isipokuwa siku ambayo Kamerun yenyewe yacheza, siku hiyo ilikuwa asilimia 80. Ewe msomaji, weka hili juu ya ile mizani ya mlangoni. Simama mbele ya mtu wa asilimia sitini umwambie sababu. Utasema nini? Kwamba kirusi cha korona chawajua wenyeji na chawaonea haya? Kwamba mapafu ya Mkamerun ni mapana zaidi siku timu yake ichezapo? Sababu pekee ni kwamba wenyeji walitaka kuwa wengi na fedha za kiingilio zilitakiwa. Sababu hiyo yaweza kuwa nzuri kwa biashara, lakini haina uhusiano wowote na maradhi yaliyotajwa kuwa ndiyo asili ya amri yenyewe. Na ikiwa asilimia 80 ni salama, waliozuiwa katika mechi nyingine walizuiwa bure. Na ikiwa si salama, basi watu wa Kamerun walihatarishwa na wakubwa wao.

Tena ukali wa maradhi haukusamehewa kwa upande wa pili. Komoro, waliofika kombe hilo kwa mara yao ya kwanza, walikutana na Kamerun tarehe 24 Januari bila ya mlinda lango hata mmoja: wengine korona na mwingine kuumia. Kanuni ilikuwa kwamba timu yenye wachezaji 11 wazima sharti icheze, hata kama hakuna mlinda lango miongoni mwao. Ikabidi Chaker Alhadhur, ambaye ni mchezaji wa nyuma, avae glavu na asimame langoni. Wakashindwa mabao 2 kwa 1, na mmoja wao ametolewa kwa kadi nyekundu tangu mwanzo wa mchezo. Na mwenye kuona mchezo ule hakuona haya ya kuwa Mngazija. Lakini usiku ule ule, nje ya uwanja huo wa Olembe mjini Yaoundé, watu walikanyagana kwenye lango na 8 wakafa. Sisemi kwamba asilimia 80 ndiyo iliyowaua, kwani mambo ya lango na ulinzi ni mambo mengine. Nasema kwamba amri iliyowekwa kwa kuhifadhi roho za watu, kisha ikalegezwa kwa ajili ya ushabiki, huacha mtu akiuliza kama roho ndizo zilizokuwa zikiangaliwa tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye kesi iliyo ngumu kweli. Vijana hawakuniuliza habari zake, lakini niliposimuliwa sikulala vizuri.

Sisi huku husema "Uingereza" kwa nchi yote ya wakoloni wetu wa zamani, lakini ufalme ule una nchi kadhaa ndani yake, na mambo ya afya kila moja yajiamulia yenyewe. Wales ni moja wapo. Disemba ile ya 2021, Uingereza yenyewe iliacha viwanja vijae, ila penye watu zaidi ya 10,000 ilitakiwa hati ya chanjo au ya kupimwa. Wales iliamuru kwamba kuanzia tarehe 26 Disemba michezo mikubwa ichezwe bila ya watazamaji, na ile midogo ya mitaani isizidi watazamaji 50. Basi klabu za Wales zinazocheza katika ligi za Uingereza, kama vile Cardiff, Swansea, Newport na Wrexham, zikawa zafungiwa nyumbani, na zikienda ugenini zakuta majukwaa yamejaa.

Na kuna klabu iitwayo Chester. Mji wa Chester uko Uingereza. Klabu yake ni ya Uingereza, yacheza ligi ya Uingereza, na ni mali ya mashabiki wenyewe, walioiunda upya mwaka 2010 baada ya ile ya kwanza kuanguka. Lakini uwanja wake uitwao Deva, uliojengwa mwaka 1992, umekaa juu ya mpaka. Lango la mbele na afisi ziko Uingereza. Kiwanja cha kuchezea kiko Wales. Mtu hukata tikiti katika nchi moja na kuuona mpira katika nchi nyingine. Chester walicheza mechi mbili mwisho wa Disemba na mwanzo wa Januari, na kila moja ilihudhuriwa na watu zaidi ya 2,000. Ndipo ikawajia barua kutoka kwa baraza la wilaya ya Flintshire na polisi wa Wales ya Kaskazini, kuwaonya kwamba huenda wamevunja sheria ya Wales. Klabu ikasema: sisi ni Waingereza, na muda wote wa maradhi haya tumefuata kanuni za Uingereza. Serikali ya Wales ikasema: uwanja uko Wales, na sheria ni ya Wales. Mechi iliyokuwa ifuate ikaahirishwa.

Nani alikuwa na haki? Wepesi wa kuhukumu watacheka, waseme ni vituko vya mpaka. Mimi naona pana mambo mawili yaliyochanganywa. Ukiuliza amri ya nani hushika mahali pale, jawabu ni la mahali: ardhi ni ya Wales, na mtu akikaa juu ya ardhi ya watu hufuata amri yao, hata kama mlango wake watazama kwingine. Lau Serikali ya Wales ingewaacha Chester kwa kuwa lango lao liko ng'ambo, watu wa Wrexham, walio mbali nao kiasi cha kilomita 20 tu, wangesema: na sisi twacheza ligi ile ile, mbona sisi tumefungwa? Tena nani angemzuia mtu wa Wrexham asipande gari akaenda kukaa na wale 2,000?

Lakini ukiuliza ile sababu ya amri iliwafikia au haikuwafikia, mambo hugeuka. Wale watu 2,000 wengi wao walitoka katika majumba ya Uingereza, wakapita njia za Uingereza, wakaingia kwa lango la Uingereza, wakakaa saa mbili juu ya jukwaa la Wales katika hewa ya wazi, wakarudi makwao. Wakiugua, wengi wao watalazwa katika hospitali za Uingereza. Lau kiwanja kingesukumwa hatua mia chache upande wa mashariki, watu wale wale, siku ile ile, wangekuwa hawana kosa. Amri iliwashika, na sababu haikuwashika. Na hapo ndipo mwenye mamlaka hupimwa. Kusema "mpaka ni huu" ni kweli, lakini si jawabu la kumwambia mtu machoni pake. Ni kama mimi kumwambia mzee wangu "mia ni mia".

Tena kuna jambo lililowadhoofisha Wales zaidi, nami nalitaja kwa kutabasamu. Katika siku hizo majumba ya pombe huko hayakufungwa. Watu waliruhusiwa kukaa ndani, meza kwa meza, wasizidi sita. Shabiki aliyekatazwa kusimama uwanjani penye upepo aliweza kuitazama mechi ile ile katika chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, kikombe mkononi. Sijui ni nani awezaye kuisema sababu ya hilo mbele ya watu wazima.

Kijana mmoja aliposikia haya alisema kwamba basi kila mpaka uachwe na mambo yake, na kila mtu afuate nchi yake. Nikamwambia la, maana tofauti ya mpakani yaweza kuua. Tarehe 11 Machi 2020, siku ambayo Shirika la Afya Duniani liliutangaza ugonjwa kuwa ni janga la dunia nzima, Liverpool ilicheza na Atlético ya Madrid. Spain ilikuwa imekwisha kuamuru mechi za kwao zichezwe bila ya watu, na Madrid ilikuwa imefunga shule. Shabiki wa Madrid hakuweza kuitazama timu yake Madrid. Lakini mashabiki kiasi cha 3,000 walipanda ndege wakaenda kuitazama Anfield, wakakaa na watu 50,000. Kila nchi ilifuata amri yake, na hapakuwa na mvunja sheria hata mmoja. Hapo kosa lilikuwa kwamba mlango mmoja umefungwa na wa pili, ulio mbele yake, umeachwa wazi kwa watu wale wale waliozuiwa.

Na sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi wa Februari 2021, Simba ya Dar es Salaam iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1 kwa 0, watu wakishangilia majukwaani. Na huku kwetu, ng'ambo ya Lunga Lunga, viwanja vilikuwa vitupu. Je, Tanzania walidhulumu au sisi tulidhulumiwa? Siwezi kuhukumu, na sababu ya kutoweza ndiyo yenyewe malalamiko yangu: tangu Mei 2020 nchi ile ilikuwa imeacha kutangaza hesabu ya wagonjwa wake. Mlango uliofunguliwa bila ya hesabu hauna hoja zaidi ya ule uliofungwa bila ya hesabu. Wala sisi tusijione bora, maana twakumbuka mikutano ya siasa ya mwaka 2020, makutano kwa makutano, hata Rais akaisimamisha kwa siku 60 mwezi wa Novemba maradhi yalipopanda. Waliokuwa wakihutubia juu ya magari katika mikutano ile walikuwa miongoni mwa wale waliotuwekea sisi hesabu mlangoni.

Pana haki moja zaidi, nayo ni ya yule aliyezuiwa kwa haki. Maana hata pale ambapo sababu ni njema na imesemwa, mtu yule amebeba mzigo kwa ajili ya wengine. Serikali ya Wales, kwa insafu, ilipofunga viwanja ilitenga pauni milioni 3 kwa ajili ya klabu zitakazopata hasara. Hilo ni jambo jema. Klabu kama Chester haina tajiri wa mafuta nyuma yake. Kiingilio cha siku ya mchezo ndicho chakula chake. Ukimwambia mtu afunge duka lake ili mtaa usiungue, ni wajibu wa mtaa kumsaidia kodi. Wala fidia hii haimfutii mtu haki ya kuambiwa sababu, kama ambavyo kuambiwa sababu hakujazi sanduku lake.

Nilipomaliza kuwasomea vijana haya, yule wa Manchester alinyamaza, kisha akaniuliza: "Maalim, lau wewe ndiye ungekuwa msimamizi wa Chester siku ile barua ilipofika, ungefanya nini?"

Nikamwambia ningelifunga lango, na usiku ule ule ningeandika barua kuitaka sababu.

Akasema: "Na lau sababu isingekuja?"

Nikamwambia kwamba mimi sikumfungulia mzee wangu, ingawa sikuwa na sababu ya ile mia. Amri ya umri ilitosha kumrudisha, nami niliishika hiyo. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama kijana wa miaka 30, mzima wa afya, naye alikuwa mtu wa 101, na msikiti una nafasi ya watu elfu. Huyo naye nilimrudisha. Mpaka leo tukikutana njiani hunitolea salamu vizuri, nami humjibu, na sijapata kumwambia kitu.